Mlio wa Pikipiki ya Baba

Usicheke, lakini fundi umeme huyu alikuwa akiionea wivu pikipiki. Tena si pikipiki ya maana. Ni ile kuukuu ya marehemu baba yake, inayovuja oili na kupigia kelele mtaa mzima, ambayo kaka yake, fundi bomba, aliirithi kwa sababu tu alitangulia kuzaliwa. Yake mwenyewe ilikuwa mpya, nyekundu, hata nailoni ya kwenye kiti alikuwa hajaitoa.

Kilichomkera ni mama. Mama alikuwa mshonaji, na akishakaa kwenye cherehani, hakuna wa kumbandua. Fundi umeme akifika na pikipiki yake mpya, cherehani iliendelea kutatarika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, namalizia pindo hili."

Pindo lenyewe halikuisha. Lakini mlio wa ile kuukuu ukisikika tu kule kwenye kona, mguu wa mama uliganda juu ya kanyagio. Aliinuka, utepe wa kupimia ungali shingoni, akaenda mlangoni anatabasamu. Chai ilimiminwa kabla kaka hajavua helmeti.

Roho ilimuuma, jamani. Nani aliyemfungia mama taa juu ya cherehani? Yeye. Nani aliyekimbilia pale kila umeme ukileta matata? Yeye. Akakereka wee, mwisho akajipatia dawa: mama hampendi kaka zaidi, anachopenda ni ule mlio. Miaka yote mumewe alirudi nyumbani na mlio ule. Mke gani asingeinuka? Basi, atakayekuwa na pikipiki ile ndiye atakayeinukiwa.

Hata hivyo alisitasita. Fundi pikipiki alipoulizwa, aliweka spana chini akamkodolea macho.

"Utoe hii upewe ile? Una homa?"

"Nauliza tu. Itatembea?"

"Itatembea. Wa kuisukuma utakuwa wewe."

Akarudi nyumbani, akaifuta ile nyekundu yake mpaka akaona uso wake kwenye tangi, akajiambia aache ujinga. Angeacha kweli, kama mama asingemshonea kaka koti la mvua, eti pikipiki yake inamrushia tope. Hapo akapiga moyo konde.

"Tubadilishane pikipiki," akamwambia kaka yake.

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. "Mdogo wangu, ukijuta usije kunililia." Wakapeana funguo.

Kesho yake fundi umeme akaiendesha ile kuukuu hadi kwa mama, inakohoa njia nzima. Alipofika kwenye kona akakaza masikio. Cherehani ikanyamaza! Mama akatokea mlangoni, utepe shingoni, uso wote tabasamu.

Kisha akamwona.

"Ah, ni wewe?" Macho yalimpita, yakaenda barabarani. "Kaka yako yuko wapi? Kapatwa na nini?"

"Mzima, mama. Tumebadilishana tu pikipiki. Sasa yeye ndiye mwenye ile nyekundu."

"Umenishtua, mwanangu. Haya, pita. Chai iko kwenye chupa, jimiminie." Akarudi kwenye cherehani, na cherehani ikaendelea kutatarika.

Alijimiminia. Hakuwa amefika nusu ya kikombe, nje ukasikika mngurumo laini, ule alioujua kuliko mtu yeyote, ule ambao haukuwahi kumsimamisha mama hata siku moja. Mguu wa mama ukaganda. Akaacha mshono katikati, sindano ingali ndani ya kitambaa, akaenda mlangoni huku akitengeneza kilemba chake.

"Mwanangu!" alisikika akisema huko nje. "Hiyo nyekundu imekupendeza!"

Fundi umeme akabaki na kikombe chake mkononi. Siku zote alikuwa na pikipiki ya kusingizia. Sasa hata hiyo hakuwa nayo.