Wimbo Uliopoteza B

Kama umewahi kuhudhuria sherehe yoyote mtaani kwetu, umeuimba. Usinibishie. Mtoto akifaulu mtihani, "Tumo ndani, tumo ndani, vuta juu!" Mtu akihamia nyumba mpya, tumo ndani. Timu ikifunga bao, uwanja mzima tumo ndani. Juzi nimeusikia mpaka kwa daktari wa meno, jino la mtu lilipong'oka. Na wapo walimu, watu wazima na akili zao, wanaowafundisha watoto kwamba maana yake ni umoja.

Umoja! Niliyeutunga ni mimi, na nilikuwa naongea na tumbo.

Ilikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita, siku ya harusi ya dada yangu. Mimi ni fundi cherehani, gauni nilimshonea mwenyewe, kwa vipimo alivyonitajia kwa mdomo, maana kupimwa alikataa. Asubuhi ya siku yenyewe zipu ikagoma katikati ya mgongo. Nikamfokea: "Tumbo ndani! Tumbo ndani!" Kisha nikawageukia mashangazi: "Vuta juu!" Mashangazi wakaitikia kwa makofi, kofi moja, mvuto mmoja. Waliokuwa nje ya mlango wakasikia "tumo ndani", wakadhani ni wimbo, wakaudaka. Dada alipotoka alikuta mtaa mzima unaimba. Akaninong'oneza huku akitabasamu kwa wapiga picha: "Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

Nikaapa, nikanyamaza. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki!

Sasa Jumamosi hii binti yake anaolewa, tena kwa gauni lile lile. Nilitaka kulitanua kiunoni, mama yake akakataa katakata. "Mimi lilinitosha sawasawa," akasema mbele ya mtoto, macho makavu. Na redio nayo ikaleta mtangazaji aje kurusha hewani historia ya wimbo, kwa kuwa dada ndiye bibi harusi wa kwanza kuimbiwa. Akambania dada kinasa sauti kidogo kwenye kola, spika zikawekwa uani wageni wote wasikie.

Mimi nipo chumbani namvalisha binti, nasikia kila neno. "Ulinijia ndotoni," dada anasema. "Sauti nyororo, kama ya malaika."

Malaika! Nikajichoma sindano.

Hapo ndipo zipu ilipokwama. Nilivuta, nikapaka sabuni, nikavuta tena. Wapi! Binti akajitazama kwenye kioo, akakaa kitandani, wanja ukaanza kumtiririka. "Mama lilimtosha, mimi linanikataa. Sitoki, mama mdogo. Waambie watu waende zao."

Nikapachika pini nne midomoni, nikafungua mlango, nikamvuta dada kwa mkono mpaka ndani.

Akauona mgongo ulio wazi. Akamwona mwanawe analia.

"Nimekuaibisha, mama," binti akasema. "Wewe siku yako ulipendeza."

 Mimi nikamkazia dada macho. Kiapo ni kiapo, nisingesema, lakini roho ilikuwa inaniruka kama chura.

"Mwanangu," akaanza, na papo hapo nikaona taa nyekundu ya kinasa sauti inawaka. Kilikuwa hewani!

"Mmm! Mmm!" nikamwonyesha kola, pini zimenijaa mdomoni.

Akainama, akaitazama ile taa. Nikadhani atakizima. Dada yangu huyu, ambaye hata umri wake haujui mtu! Akakishika kwa vidole viwili, akakisogeza karibu na midomo.

"Hili gauni halikunitosha," akasema, na sauti yake ikarudi kutoka uani, kubwa. "Zipu ilikwama hapo hapo. Mashangazi watatu walinivuta mpaka wakatoka jasho. Hakuna ndoto, hakuna malaika. Alikuwepo huyu mdogo wangu, fundi, ananifokea tumbo ndani. Tumbo, jamani, kwa B! Wimbo ni wake. Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

 Uani kicheko kikalipuka, mabati yakatetemeka. Binti naye akaangua kicheko, akacheka mpaka pumzi zikamwisha, tumbo likaingia lenyewe. Nikasema hapa hapa! Nikavuta, zipu ikapanda mpaka shingoni.

"Tumbo ndani! Tumbo ndani! Vuta juu!" wakapokea nje, B inadunda.

Mtangazaji akaingia mbio. "Mtunzi mwenyewe! Una neno gani kwa wasikilizaji?"

Hotuba ninayo tangu miaka ishirini na miwili, naijua mpaka nukta zake. Nikamtazama dada, naye analia na kucheka pamoja, amenishika kiuno. Machozi yakanitoka, na pini zote nne bado ziko mdomoni.

"Mmmmh," nikasema hewani.

Wakanipigia makofi mpaka basi.