Nne Nukta Mbili

"Joto saa mbili, nne nukta mbili. Saa tatu, nne nukta mbili. Saa sita hii, nne nukta mbili! Friji gani hiyo isiyopumua?"

"Si ndiyo uzuri, dada? Imetulia."

"Usinichekeshe, Waya. Mlango nimeufungua mara ishirini. Imetulia wapi?"

Waya akaikazia macho skrini. Jina hilo alilipata utotoni kwa kufumua redio za watu. Shule ilimshinda, kompyuta hazikumshinda. Dada yake, muuguzi wa chanjo, ndiye aliyemwombea kazi hii: kuchomeka kipimajoto cha friji ya chanjo kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, na kuandika programu ya kukiuliza kila dakika, "Joto ngapi?"

Wiki ya kwanza kipimajoto kilikuwa kinanuna. Kinaulizwa, hakijibu, skrini inabaki tupu, mganga mkuu anafoka. Waya akapita njia ya mkato: kisipojibu, programu irudie namba ya mwisho. Mistari miwili tu. Wakampigia makofi.

Sasa mistari ile ilimrudia akilini.

Akachungulia nyuma ya meza. Mfagizi alikuwa ameisogeza asubuhi. Kebo imechomoka nusu, inaning'inia kama jino bovu. Akaisukuma. Taa ya kipimajoto ikawaka. Akaifuta ile mistari, akawasha programu upya.

Skrini ikajivuta.

Kumi na moja nukta sita, na chanjo haitakiwi kupita nane.

Dada akaweka sikio kwenye friji. Haingurumi wala haitetemeki.

"Imezima tangu saa ngapi?"

"Labda sasa hivi tu..."

"Waya. Tangu saa ngapi?"

Hakujua. Kuanzia saa mbili hakuna aliyejua.

"Nimechoma watoto thelathini na wawili," dada alisema polepole. "Nimewachoma nini?"

"Tuseme ni kebo, dada. Kwani si kebo?"

"Kebo ilinyamaza. Wewe ndiye uliyeisemea."

Akachukua daftari lenye majina ya watoto, sahihi yake chini ya kila ukurasa. Dirishani, akina mama wa mwisho walikuwa wanafunga watoto migongoni.

"Watakufukuza!"

Dada akalibana daftari kwapani. Akageuka, akatoka kuwawahi akina mama kwa hatua za haraka bila kukimbia, maana muuguzi hakimbii mbele ya wagonjwa.