Kiuno cha Fundi

...na kalamu nayo inagoma leo, siku zote inaandika, leo ndiyo imekauka, "Shikilia hapo hapo, fundi, usiachie, natafuta nyingine," anasema binti anayetufundisha mazoezi na kuniachia ncha za utepe mikononi, kwa hiyo nimesimama mbele ya kioo cha jimu, fulana nimeikunja hadi kifuani, najipima kiuno mwenyewe, mimi ambaye kazi yangu ni kupima viuno vya watu, na tumbo nimelivuta ndani tangu aliposema miezi mitatu ya mazoezi imetimia, tuone, napumulia mabegani kama mtu anayejificha nyuma ya mlango, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, aibu gani hii, utepe unasema inchi thelathini na tisa na mimi najua ni uongo, nani ajue kama si fundi... mtu mwingine suruali ingemwambia, ingembana akashtuka, mimi zangu nashona mwenyewe, ikibana nafumua mshono wa nyuma, naachia nusu inchi, napiga cherehani, kimya, mwaka unaofuata nusu nyingine, miaka yote hiyo hakuna suruali iliyowahi kunikataa, mpaka siku ile ya baba... "Nani kachukua kalamu yangu ya bluu?" anauliza kule mezani, jamaa wawili wanaonyanyua vyuma wanacheka, hawanicheki mimi, nadhani hawanicheki mimi, ...siku ile ya baba, mke wangu alikuwa ametoka, baba akaniita nimtoe kitini nimpeleke kitandani, tangu apate kiharusi mguu na mkono wa kushoto havimtii, nikamkumbatia, nikanyanyua, tukafika katikati ya chumba, na mikono ikaniisha, sikuteleza, sikujikwaa, iliisha tu, nikamwachia, naye akaanguka, mkono wake mzima ukavunjika chini yake, akanitazama kutoka sakafuni, hakulia, alinitazama tu kama anayepima, mimi nahema kama nimekimbia maili... na dada alipofika hospitali, mdomo wangu haujafunguka, baba akawahi, "Niliteleza mwanangu, sakafu ilikuwa na maji," baba, fundi kabla yangu, ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata juu ya kipande cha bitana, alinisitiri, na mimi nikakaa ndani ya uongo wake kama nguo iliyokatwa kwa vipimo vyangu, nikamsikia dada akimgeukia mke wangu, "Wifi, nawe kwa kudeki! Unadeki unaondoka?" na mke wangu akainamisha kichwa, akasema nisamehe wifi, aliamini ni maji yake, mpaka leo anaamini... "Subiri kidogo tu, fundi!" nasubiri, binti, nina kazi gani nyingine, ...siku hizi anadeki, halafu anapiga magoti anafuta tena kwa kitambaa kikavu, pembe hadi pembe, ananiita, "Baba watoto, hebu pita na soksi uone kama panateleza," na mimi napita, Mungu wangu, napita na soksi, nasema hapatelezi, na kesho yake nakuja huku kunyanyua vyuma nikijiambia nikishapata nguvu, nikishamnyanyua baba bila kutetemeka, jambo litakuwa limekwisha, hakutakuwa na la kusema... na nguvu nimezipata, hilo ndilo linaloniua, wiki iliyopita nilimnyanyua baba mara moja tu, juu, akawa mwepesi kama gunia la vitambaa chakavu, nikamlaza, akasema, "Umekuwa mwanaume, sasa unanitisha," tukacheka, mke wangu akapiga makofi, kisha nikamwona anaitazama sakafu nyuma yetu, anaikagua, na nikajua sikunyanyua kitu... na dada Jumapili anakuja kumchukua baba, kapiga simu jana, "Huko kwenu hakuna uangalizi, siwezi kumwacha na mkeo," na baba hataki kuondoka, cherehani yake ya zamani iko kwetu, dirisha lake liko kwetu, lakini akikataa itabidi aseme kwa nini, na hatasema, atafungasha nguo zake aende, anisitiri mpaka mwisho... yeye ndiye aliyenifundisha, mteja akivuta tumbo usibishane naye, utamwaibisha, wewe mwulize habari za nyumbani kwake, akianza kueleza tumbo litashuka lenyewe, hapo ndipo usome utepe, na nimewasoma hivyo watu wote wa mtaa huu, mabwana harusi, wahasibu, hata mwalimu mkuu... "Nimeipata!" anarudi, daftari kwapani, kalamu ya bluu mkononi, amenifurahia kweli huyu binti, mkono wangu umeongezeka inchi nzima keshaandika na kupigia mstari, anainama kusoma utepe, na ili nisione haya, ni wema wake tu, hajui chochote juu ya ufundi wetu, anauliza, "Nyumbani lakini hawajambo? Mzee anaendeleaje?" nami nafungua mdomo niseme hajambo, na tumbo linashuka, lote, utepe unakimbia kati ya vidole vyangu, arobaini, arobaini na moja, unasimama pale, kwenye kioo mtu mnene kiasi, mwenye mikono mipya, analia... "Fundi? Niandike ngapi?" arobaini na moja, nasema, na sakafu ilikuwa kavu, "Nini?" sakafu, nasema, ilikuwa kavu.