Mstari wa Mahona

Mtoto wa kaka yangu alitambuliwa kuwa ni babu yake kabla hata kitovu hakijakatika. Mama yangu, Kwandu, alikuwa akimwogesha nyumbani kwetu Ngulyati. Akamkunjua ngumi, akaona mstari mmoja mnene umekatiza kiganja kutoka upande huu hadi upande ule. Watu wengi hapo tuna mistari miwili. Baba yangu marehemu alikuwa na mmoja, na sisi watoto tuliujua vizuri, maana kila alipotukanya aliinua mkono kwanza.

Mama akapiga vigelegele peke yake huku maji yakipoa kwenye beseni. Jina likapatikana hapohapo: Mahona, jina la baba.

Kwetu bibi humwita mjukuu mume wake. Ni utani wa kila siku, hakuna anayeushangaa. Ila mama safari hii hakuwa anatania. Alimpa mtoto habari za ng'ombe waliozaa, akamweleza pamba ya bondeni imeliwa na wadudu, akamlaumu kwa kumwachia ujane na paa linalovuja. Kaka yangu Masele akawa anatembea kifua mbele, kwa kuwa si kila mtu humzaa baba yake. Aliyekuwa kimya ni wifi yangu Gloria, na ndiye aliyekuwa akinyonyesha.

Mimi nauza mchele Bariadi mjini na subira sina, muulize mteja yeyote. Nilipopata nafasi ya kwenda kumwona mtoto alikuwa na miezi miwili. Nikampakata, nikamwona amelegea kuliko watoto wote niliowahi kushika. Gloria akampa ziwa. Akavuta kidogo, akaachia, akahema, jasho likamtoka kwenye paji la uso, midomo ikageuka rangi.

"Ananyonya hivi kila siku?" nikauliza.

"Kila siku, wifi. Anachoka."

"Ni mzee huyo," mama akadakia. "Ulitaka akimbilie wapi? Baba yako naye alikuwa anahema. Ni uchovu tu."

Uchovu! Neno hilo nilikuwa nalichukia. Ndilo alilotujibu baba kila tulipombembeleza aende Mwanza kupimwa kifua. Aliendelea kutujibu hivyo mpaka tukamzika. Nikasema asubuhi tunakwenda hospitali, anayetaka kununa anune. Mama alinuna, lakini kwenye bajaji alikuwa wa kwanza kupanda. Hakuwa tayari kumwacha mume wake na watu wasiomjua.

Daktari tuliyemkuta Bariadi alikuwa binti mdogo, anaitwa Goodness. Akamwamkia mama shikamoo, akamlaza mtoto kitandani, akamfungua kiganja.

"Umeuona?" mama akauliza kwa furaha.

"Nimeuona, bibi."

Akaendelea. Akatazama macho, akashika ngozi ya shingo, akatenganisha vidole vya miguu. Kisha akasikiliza kifua kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuchoka kusimama. Alipomaliza alivuta kiti akakaa karibu nasi, akasema mtoto ana alama kadhaa zinazomtia wasiwasi, na mstari ule ni mojawapo.

Mama akainuka. "Mwanangu, usimtukane mume wangu. Kalima kwa mkono wa namna hiyo mpaka uzeeni!"

"Nakuamini, bibi. Mstari peke yake si ugonjwa. Wazima wengi wanao, na huenda kweli huyu ameurithi kwa babu yake. Ningeuona huo tu ningewaambia mrudi nyumbani. Lakini nimeuona pamoja na macho, shingo na kulegea kwake. Nadhani amezaliwa na hali inayoitwa Down. Kipimo cha damu kitatuambia. Kama ndiyo, atachelewa kukaa, atachelewa kusema, lakini atakaa na atasema."

Gloria akauliza kwa sauti ndogo, "Na kuhema?"

"Hapo ndipo penye haraka. Watoto wengi wa hali hii huzaliwa na tundu kwenye moyo, na wa kwake nausikia haupigi sawasawa. Lazima ukapigwe picha Mwanza. Wiki hii, dada. Akichelewa tunaweza kumpoteza."

Gloria akampigia mumewe simu, akaiweka tuisikie wote. Masele alisikiliza, akakohoa, akasema, "Mama anasemaje? Kama mzee hataki, mimi ni nani wa kumpinga?"

"Hataki," mama akasema. "Mwangalieni, tangu tufike analia. Hospitali hajawahi kuipenda."

Nilifungua mdomo nimwambie mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Gloria akaniwahi. Alikata simu, akamgeukia mama mkwe wake, macho chini kama inavyotakiwa.

"Mama, baba alipokataa kwenda Mwanza, wewe ulitaka aende?"

Mama aligeukia dirishani.

"Nilitaka," akasema. "Nilimfungia nguo zake, akazifungua. Nikazifunga tena, akaenda zake kwa ng'ombe. Nilimwita, hakugeuka." Akamgeukia mkwewe. "Nilimwogopa, Gloria. Nilimwogopa mpaka akafa."

Nilimhurumia mama siku ile kuliko siku ya msiba.

Akajifuta uso kwa pembe ya kitenge, akainama kitandani. Mtoto alikuwa amenyamaza, anahema. Mama akamwekea kidole kwenye kiganja, juu ya ule mstari, na ngumi ndogo ikajifunga. Kisha akakivua kitenge kutoka mabegani, akamnyanyua mtoto, akamfunga kifuani pake na kukaza fundo kwa nguvu.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "tuandikie hiyo karatasi ya Mwanza."

Halafu akamwinamia mtoto. "Mara ile ulikuwa na miguu, Mahona. Leo shuka, kama unaweza."