Kijumba cha O

Neno la kwanza nililikuta limejikunyata katikati ya mvua. Mwandishi alikuwa akisimulia habari za msichana aliyesimama barazani mwa shule akitazama uwanja ukijaa maji, na hapo, baina ya maneno meusi yaliyoloa, moja lilikuwa jekundu: *tumetembea*. Niliweka kidole juu ya kioo cha simu kana kwamba ningehisi joto lake. Kisha nikachukua penseli, nikaliandika nyuma ya bahasha kuukuu, nikabonyeza mshale uliokuwa chini ya ukurasa, na mvua ikakatika.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika Msako wa Maneno Mekundu, mimi niliyekwisha kuapa kwamba sitaingia.

Jana yake binti yangu alikuwa amenitumia ujumbe, mkavu kama zilivyokuwa jumbe zake zote tangu tukosane: “Mama, ingia kwenye msako. Mimi ni nyumba ya kumi na mbili. Anza mwanzoni, usiruke.” Waandishi kumi na wawili wa riwaya za vijana walikuwa wameungana. Kila mmoja aliweka mtandaoni kipande ambacho hakimo kitabuni mwake, akaficha humo neno moja jekundu. Msomaji aende ukurasa hadi ukurasa, ayaokote maneno kumi na mawili, ayapange yawe sentensi moja. Atakayeshinda apewe vitabu vyote, vimetiwa saini.

Nilisonya. Waandishi wazima, nikasema, wanachezeshwa kombolela ili vitabu vyao visife ghalani! Wachapishaji wamekalia viti, mwandishi ndiye apige ngoma, acheze, apitishe na bakuli. Lakini nilikuwa nimekwisha kuvaa miwani.

Nikaendelea. Ukurasa wa pili ulikuwa wa samawati, na ndani yake kijana alikuwa akimwandikia barua dada yake aliyehama. Neno *mbali* lilikuwa limeegemea ukingo wa barua kama mtu anayengoja kuitwa. Ukurasa wa tatu ulikuwa na ngazi zisizoisha. Wa nne ulikuwa hospitali ambamo taa zilizungumza. Mchana ulikuwa umetulia, pazia likipumua polepole, nami nikawa natoka nyumba ya mtu naingia ya mwingine bila kupiga hodi, wala hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Nilianza na hasira. Kufikia nyumba ya saba sikukumbuka nilikoiweka. Nilikuwa kama mtu anayetembea usingizini katika mtaa ambao nyumba zake zimeshikana mikono.

*Tumetembea mbali, tumelia, tumepotea, tumeokotana, na mlangoni pa nyumba ya mwisho…*

Maneno kumi na moja. Mshale wa chini ukasubiri. Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Nukta, binti yangu.

Nukta ndilo jina tulilompa kiwandani, kwa kuwa alikuwa mdogo, mweusi tii, na kila ulipodhani mambo yameisha ulimkuta hapo chini amekaa. Nilikuwa mpanga chapa, mtu wa kupanga herufi moja moja ili karatasi ichapwe. Shule niliiacha darasa la nne, nikaingia kiwanda cha chapa kufagia, na herufi za madini ya risasi ndizo zilizonisomesha. Herufi ya chapa hutazama nyuma, kama sura kwenye kioo. Kwa hiyo mimi nilijua kusoma kinyume kabla ya kusoma sawa. Hata leo mtu akinieleza jambo, naanza kwa kutazama upande wake wa nyuma.

Sanduku la herufi lina vijumba, kila herufi na chake. Mpanga chapa hatazami. Mkono unavijua vijumba kama ulimi unavyoyajua meno.

Tulikuwa kumi na mmoja katika chumba kisicho na dirisha, pamoja na chungu cha kuyeyushia risasi. Chumba cha pili, chenye madirisha mawili, meneja alikuwa ameyawekea makasha matupu. Nikapanda juu ya kasha, nikasema: “Watu tumebanana humu hata pumzi tunaazimana, na chumba kile kimekaa kitupu! Kuna haki hapo?” Wenzangu wakaitika. Nukta, miaka mitano, alikuwa chini ya meza, maana sikuwa na wa kumwachia.

Tukakubaliana kugoma. Meneja alipokwenda kula mchana, nilipanga karatasi ya wito. Juu yake neno moja kubwa, la herufi za mbao: *tumechoka*. Chini yake madai. Mkata karatasi, tuliyemwita Milimita kwa kuwa hata mkate aliukata kwa rula, aliyabeba yale maneno kutoka mezani kwangu mpaka kwenye mashine. Hatukupiga prufu, ile nakala ya kwanza ya kusomea makosa. Ndiyo siku pekee katika maisha yangu ya kazi ambayo sikupiga prufu. Muda ulikuwa mchache na macho yetu yalikuwa mlangoni.

Karatasi mia tano zikatoka. Zote zimeandikwa *tumecheka*.

Meneja aliisoma akiwa bado anachokonoa meno. “Mmecheka?” akasema. “Hongereni. Aliyekwisha kucheka arudi kazini. Mama huyu akamalizie kicheko chake nyumbani.”

Watu wakacheka. Si meneja peke yake. Wenzangu pia, wale niliowapandia kasha. Mgomo haukuvunjwa na askari wala njaa. Ulivunjwa na herufi moja. Nami nikatoka na jina: Tumecheka. Hata sokoni nimeitwa hivyo, miaka thelathini na mmoja.

Nina kumbukumbu ndefu. Watu huiita kipaji. Mimi naiona ni kidonda kilichokataa kuota gamba. Mkono wangu haukosei vijumba, nilisema, basi kuna aliyebadilisha herufi njiani. Na njiani alikuwapo mmoja tu: siku ile ile, kabla sijatoka, nikamtukana mbele ya mashine zikinguruma. Mwezi haukupita, Milimita akafanywa msimamizi. Nilihitaji ushahidi gani tena? Tangu siku ile, japo anakaa mitaa miwili tu kutoka kwangu, sijamwitikia salamu. Yeye husema, “Habari za leo, Mama Nukta.” Mimi huutazama mtaro.

Kwa hiyo Nukta aliponiletea riwaya yake, miezi minane iliyopita, nikaona jaladani msichana wa kiwandani anacheka meno yote nje, niliiweka juu ya kabati, uso chini. “Mwanangu,” nilimwambia, “mimi nilipigania dirisha. Wewe umeandika kicheko.” Aliondoka bila kumaliza chai.

Nikabonyeza mshale.

Ukurasa wake ulikuwa mweupe, mtupu karibu wote, maneno yamekaa katikati kama watu wachache kwenye ukumbi mkubwa. Juu aliandika: *Sura niliyoitoa kitabuni, kwa sababu kuna mtu aliyestahili kuisoma kwanza.* Halafu:

*Mama alinifundisha kwamba kila herufi ina nyumba yake, na mtoto mwema ni yule anayezirudisha kwao. Asubuhi ile nilipanda juu ya kopo la wino kulitazama sanduku la herufi za mbao. Wale wa e walikuwa watano, wamebanana hata hawawezi kugeuka. Kijumba cha o kilikuwa kitupu. Wenyewe walikuwa mashineni, wamefungwa ndani ya tangazo la mnada. Nikakumbuka alichosema Mama juu ya kasha. Nikamchukua e mmoja, yule mwenye ufa, nikamhamishia nyumba ya o. Nilimwambia apumue. Siku ile Mama alitaka kuandika kwamba tumechoka. Mimi ndiye niliyeandika kwamba* — na hapo, jekundu kama kovu jipya — *tumecheka.*

Pazia lilipumua, likapumua tena. Niliuona mkono wangu wa siku ile ukienda kwenye kijumba cha o. Laiti kingekuwa kitupu ungeshtuka, ungeuliza. Lakini ulimkuta mpangaji ndani, ukamchukua kwa imani.

Katika chumba kile chote nilichopandia kasha na kupaza sauti, msikilizaji wangu mmoja tu ndiye aliyetenda nililosema. Alikuwa chini ya meza.

Chini ya ukurasa wasomaji walikuwa wamefurika. “Mwandishi mzima hajui tofauti ya o na e!” “Ni tumechoka, jamani. Kwa msako mrefu hivi, nani ana nguvu za kucheka?” “Msahihishaji alikuwa amelala.” Na waandaaji, kwa adabu ya ofisi: *Neno la kumi na mbili linaangaliwa upya. Jibu sahihi litatangazwa kesho saa sita mchana.*

Nikampigia.

“Naam, Mama.” Alipokea kabla simu haijalia mara mbili. “Umefika?”

“Nimefika.”

Nilisikia kwake maji yakichemka.

“Watu wanakucheka huko chini,” nikasema.

“Nimezoea. Nimelelewa na Tumecheka.”

Siku nyingine ningekata simu. “Wanataka ulibadilishe?”

“Herufi moja tu, wanasema, kosa dogo. Nimewaambia namsubiri msahihishaji wangu.”

“Nani huyo?”

“Mama, acha utani.”

Nikaivua miwani. “Miaka yote hii, Nukta. Kwa nini hukuniambia?”

“Nilipojua kusoma ndipo nilipojua nilichofanya. Wakati huo ulikuwa tayari una mtu wa kumchukia. Niliogopa kukunyang’anya.” Akavuta pumzi. “Halafu nikaogopa ungempata mwingine.”

Maji yake yakafurika jikoni, nikayasikia yakizima moto.

“Ukisema nibadilishe, nabadilisha,” alisema. “Iwe tumechoka, na sura ile naifuta. Hakuna atakayejua.”

“Hata Milimita?”

Nikamsikia akitafuta kitambaa, akapangusa jiko.

Asubuhi nilivaa nguo ya kutokea. Mitaa miwili ni mirefu kwa mtu aliyekwisha kuipita miaka thelathini na mmoja akitazama mtaro. Sikujua hata kwamba nyumba zile zimepakwa rangi. Chumba cha mbele cha Milimita ni karakana yake. Hujalidi madaftari na vitabu vya shule, na vipande vya pambizo alivyokata vilikuwa vimelala sakafuni, vyembamba, vyeupe, vyote sawa.

“Hodi.”

“Karibu,” alisema bila kugeuka. Akageuka. “Karibu,” akasema tena, sauti ikiwa imepungua. “Umekuja kwa heri, au nitafute pa kujificha?”

“Una miwani?”

“Ninayo. Ya nini?”

“Soma.”

Alifuta mikono, akaishika simu kwa ncha za vidole kama karatasi yenye wino mbichi. Alisoma akitikisa midomo, kama tulivyosoma sisi sote tuliojisomesha. Alipofika kwenye neno jekundu, kidole chake kile kilichokatwa ncha na mashine kikasimama.

“Nilimwona,” akasema.

“Ulimwona nani?”

“Mtoto. Nilipita kuchukua karatasi, nikamkuta juu ya kopo, anaongea na herufi. Sikujua amefanya nini mpaka zilipotoka.”

“Na hukusema!”

“Ningesema saa ngapi, Mama Nukta? Ulinivaa mashine zikinguruma, nikaona mdomo wako tu unafunguka na kufunga. Baadaye nikafikiri: mtoto yule ana mama mkali. Mimi nina ngozi ngumu.”

“Wakakupa usimamizi.”

“Meneja alikuwa anatafuta mtu ambaye wenzake hawamsemeshi.” Akatabasamu upande mmoja. “Ni wewe uliyenipandisha cheo. Sijawahi kukushukuru.”

Nilitafuta neno la kumwambia. Nilipeleka ulimi katika vijumba vyote, na kijumba nilichokitaka nilikuta hakijaguswa siku nyingi hata sikuwa na hakika kilichomo ndani ni chenyewe. Nikalitoa hivyo hivyo. “Nisamehe,” nikasema.

Milimita alisogeza madaftari, akanipangusia kiti.

Kisha akaitazama tena simu. “Hapa pameandikwa saa sita.” Akaiinulia macho saa ya ukutani. “Imebaki robo saa. Unangoja nini?”

Nilikuwa nimekwisha kuandika, chini ya kelele za wale wasomaji, maneno ambayo zamani mpanga chapa aliyaandika kwa penseli juu ya prufu kabla kazi haijaingia mashineni: *Sawa. Ipigwe.* Nilikuwa bado sijayatuma. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

“Ngoja,” Milimita akasema. “Safari ile hatukupiga prufu.”

Nikacheka kidogo, nilidhani anatania. Lakini alikuwa ameketi mbele yangu, mgongo wima, simu ameishika mbali na uso kama tulivyofundishwa. Prufu ya kichwa cha habari husomwa na watu wawili, herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ukisoma kutoka mwanzo maana hukulaghai. Jicho huona linachotaka. Mmoja hutaja, mwenzake huitika.

Dirisha la karakana lilikuwa wazi. Upepo ukaingia, ukavigusa vile vipande vya pambizo, vikajongea sakafuni bila sauti.

“A,” akasema.

“A,” nikaitika.

“K.”

“K.”

Kisha akainua uso, miwani imemteleza mpaka ncha ya pua, akaningoja mimi nitaje inayofuata.