Mtu wa Deni Hashiki Sanduku

Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya serikali, mtaa mzima wa Saio mjini Bunia ulikuwa umeinama kwenye nyasi kando ya barabara, na Mumbere alifyeka kwa hasira za mtu ambaye hajanywa hata chai. Leo ndiyo leo. Mbuyi, mkubwa kutoka ofisi ya zone, yaani wilaya, angekuja kuwauliza majirani kama Mumbere anafaa kukabidhiwa sanduku la kodi ya magari. Karani wa siku zote, sasa mtunza sanduku! Sharti lilikuwa moja: asidaiwe na mtu. Kumpa mtu wa madeni sanduku, walisema wakubwa, ni kumpa fisi bucha alinde.

Na Mumbere alidaiwa. Serikali ilipoziua noti za tano na za kumi, akiba yake yote iligeuka karatasi za kufungia karanga, na juma lile lile bintiye Noëlla akalazwa. Alikopa pesa za dawa kwa Marcellin, tajiri wa malori ya njia ya Niania. Noëlla alipona, deni likabaki. Angelilipa kwa pesa gani, mshahara wenyewe miezi minne haujaonekana?

Marcellin alimfuata palepale kwenye nyasi, shati jeupe pee, nyuma yake majandarme wawili, askari wenye bunduki, wananuka pombe aliyowanunulia.

"Mumbere, ndugu yangu. Mukubwa akiuliza, miye nitafunga kinywa. Lakini malori yangu ikipita, weye hautaona kitu."

"Na kodi?"

"Kodi gani? Deni yako njo kodi."

Mumbere aliacha kufyeka. Lo, kazi ilikuwa karibu hivyo! Mkewe Viviane, aliyekuwa aking'oa majani hatua chache kutoka pale, alisikia yote.

"Baba Noëlla," alisema bila kuinua kichwa, "ile kamba akikuvalisha leo, atakukokota nayo mupaka ku kaburi."

"Sitaki," Mumbere akamwambia tajiri. "Siku serikali itanilipa, nitakulipa."

Kitako cha bunduki ya jandarme mmoja kilimpata mdomoni kabla hajafunga kinywa. Alianguka chali, meno mawili yakabaki kwenye ulimi wake. Jandarme wa pili alimkanyaga mkono wa kulia na kuusaga kwa kisigino mpaka vidole vikalia. Mateke yakaja, mbavuni, tumboni, mgongoni. Na majirani, wote wale na mapanga mikononi, wakainama wakafyeka kwa bidii ambayo salongo haijapata kuona. Aibu gani hii, jamani!

Viviane peke yake ndiye aliyewarukia na jembe. Walimnyang'anya, wakampiga nalo begani.

"Munauwa muntu juu ya dawa ya mutoto!" alipiga kelele.

Ndipo Mbuyi akafika, abacost yake, ile suti ya wakubwa, imenyooshwa vizuri.

"Fujo gani hii?"

"Niko nalipisha deni yangu, mukubwa," akasema Marcellin.

"Ah! Kumbe Citoyen Mumbere iko na deni."

Damu hakuiulizia. Aliwageukia watu.

"Mumesikia wenyewe. Muntu wa deni hashike sanduku ya serikali. Atashika Vital."

Vital alikuwa shemeji yake Mbuyi. Alikuwa na madeni kuliko nywele za kichwa chake, kila baa ya Bunia inajua, lakini aliyemdai zaidi ya wote alikuwa Mbuyi mwenyewe, na Mbuyi hakujiuliza swali.

"Na weye," akamwambia Mumbere, "kipande yako ya salongo haikwishe. Utalipa faini."

Mumbere alijiinua kwa goti moja. Alitema damu, akatema na meno. Woga wote ulikuwa umemtoka. Kilichobaki ni hasira.

"Faini mukate ku mushahara yangu, mukubwa. Ile ya miezi ine serikali haijanilipa." Alivuta pumzi, mbavu zikamchoma. "Na kama muntu wa deni hashike sanduku, basi serikali nayo ilete sanduku yake hapa. Tutaishikia siye."

Mama mmoja aliangua kicheko. Mwingine akadakia, kikaenea barabara nzima. Mbuyi alimtazama jandarme, na jandarme akainua bunduki.

Kitako kilishuka. Lakini safari hii hakuna aliyeinama kufyeka.