Kondoo Aliyezaa Mbuzi

Mimi sina subira na mashine, sembuse na mtu anayesimama mlangoni akitazama saa. Siku hiyo, mwaka wa tisini na nane, aliyesimama mlangoni mwa ofisi yetu pale Ukunda alikuwa Bwana Muange, mwajiri wetu. Chama cha wafugaji wa Kinango kilitaka programu ya nasaba za mifugo yao. Tukishindwa kuimaliza kufikia adhuhuri, kazi ingepelekwa Mombasa, mimi na mwenzangu Sidi tubaki kuchapa kadi za harusi.

Niliandika umbo la mnyama, kila aina ikijitaja yenyewe ndani yake: mbuzi mamake awe mbuzi, ng'ombe mamake awe ng'ombe. Sidi aliandika sehemu ya mama. Kisha nikatunga kosa makusudi, mbuzi aliyezaliwa na kondoo. Kompaila, inayokagua maandishi kabla programu haijaanza kazi, ilipaswa kulikataa.

Ikalipitisha bila hata kunung'unika.

"Si imekubali?" akasema Bwana Muange, uso ukimkunjuka.

"Ndiyo balaa lenyewe, Bwana. Imekubali uongo."

Hasira zilinipanda. Nikasoma maandishi ya Sidi, nikaona pale pa mama ameruhusu mnyama yeyote.

"Sidi, dada, kondoo anazaaje mbuzi?"

"Hazai, ananyonyesha," akanijibu, akinishangaa. "Kwetu Kinango mwanambuzi akifiwa na mamake, tunampa kondoo amnyonyeshe. Tangu hapo ni mwana wa kondoo, na hakuna anayebisha."

Nilitaka kumfokea, nikajikuta ninacheka. Tukatenga nafasi mbili: mzazi, lazima awe wa aina ileile, na mlezi, awe yeyote. Nikalirudisha kosa langu, kondoo akiwa mzazi, nikabonyeza.

Skrini ikajaa makosa juu hadi chini. Sidi akanikumbatia, nami machozi yakanitoka kwa furaha.

Bwana Muange alishika kichwa. "Mmeiharibu?"

"Tumeshinda, Bwana. Tulikuwa tunangoja ikatae."

Sidi akavuta kiti, akalifuta kosa langu, akamwandika mwanambuzi yatima, mbuzi marehemu akiwa mzazi, kondoo akiwa mlezi. Kompaila ikampitisha.

Bwana Muange alitutazama, akainua simu na kumpigia mwenyekiti wa wafugaji. "Kazi ni yetu," akamwambia. "Naam, makosa yamejaa tele. Hayo ndiyo tuliyoyataka."